Simu huria: ipi ununue, na nani anayelipia uhuru wake

Simu iliyo wazi asilimia mia, kuanzia modemu (sehemu inayozungumza na minara ya mtandao) hadi mchoro wa bodi, bado haijauzwa. Kila kampuni iliyojaribu ililazimika kufunga kitu mahali fulani ili simu ipate mtandao, ifaulu vipimo vya redio na iuzwe kwa bei inayolipika. Kwa hiyo anayechagua ana maswali mawili ya kuuliza: kilichofungwa kimewekwa sehemu gani ya simu, na nani atakuwa akiwalipa waandishi wa programu miaka mitatu baada ya simu kununuliwa? Swali la pili husahaulika, na simu nyingi za aina hii zimekufa kwa kukosa jibu lake.

Hapa tunaweka nne upande kwa upande. GrapheneOS ni Android iliyoimarishwa usalama, unayoiweka badala ya ile ya Google; kerneli ni kiini cha mfumo kinachoongoza maunzi, na Linux kuu ni ile rasmi inayotunzwa hadharani. Ya tano, ya mtumba, tunaigusa mwishoni kwa sababu inaweza kuwafaa wengi kuliko wanavyodhani.

| | PinePhone | Librem 5 | Fairphone 5 | Pixel 8 yenye GrapheneOS |
|---|---|---|---|---|
| Kichakataji | Allwinner A64 | NXP i.MX 8M Quad | Qualcomm QCM6490 | Google Tensor G3 |
| RAM na hifadhi | GB 2 na 16, au 3 na 32 | GB 3 na 32 | GB 8 na 256 | GB 8 na 128 au 256 |
| Betri | karibu mAh 3,000, inatoka kwa ukucha | mAh 4,500, inatoka kwa ukucha | mAh 4,200, inatoka kwa ukucha | mAh 4,575, imegundishwa |
| Modemu | chipu yake, kwa njia ya USB | kadi ya M.2, inabadilishwa | ndani ya kichakataji | chipu yake |
| Kerneli | karibu sawa na Linux kuu | karibu sawa na Linux kuu | ya Android, chimbuko lake Qualcomm | ya Android, chimbuko lake Google |
| Bei ilipotoka | dola 149 au 199 | dola 599 kwa waliolipa mwaka 2017 | yuro 699 | dola 699 |
| Anayelipia programu | wanaojitolea | mnunuzi wa simu | Fairphone, kutokana na mauzo | Google, pamoja na wafadhili wa GrapheneOS |

Mstari wa mwisho ndio wa kusoma kwanza.

Hesabu isiyokwepeka

Gharama za kutengeneza simu ni za aina mbili. Kuna zile zinazokwenda na idadi: kioo, betri, chipu, skrubu. Halafu kuna zile zinazolipwa zote hata ukiuza simu moja: kalibu za kumimina plastiki, usanifu wa bodi, vipimo vya redio vya FCC (Marekani) na CE (Ulaya), na programu. Programu ina ubaya wake wa pekee, kwani bili yake haiishi simu inapotoka kiwandani. Ndiyo kwanza inaanza.

Chukua mfano wa hesabu tu. Timu ndogo ya programu inagharimu dola milioni 2 kwa mwaka. Kampuni inayouza simu 1,000,000 inamtwika kila mnunuzi dola 2 kwa mwaka, na hakuna anayezihisi. Kampuni inayouza simu 10,000 inamtwika dola 200. Ikiahidi miaka mitano, hiyo ni dola 1,000 kwa kila simu, na hapo bado hakijanunuliwa hata kioo. Ukiona simu huria yenye chipu ya kizamani inauzwa bei ya simu ya kifahari, usikimbilie kusema ni tamaa. Mara nyingi tofauti hiyo ni mishahara.

Njia za kuikwepa bili hiyo ziko tatu, na kila simu kwenye jedwali imechukua moja. Unaweza kuuza maunzi peke yake na kuwaachia wanaojitolea programu: hiyo ni PinePhone. Unaweza kumtoza mnunuzi yote: Librem 5. Au unaweza kupanda juu ya kazi ambayo kampuni kubwa imeshailipia kwa sababu zake yenyewe, ukarekebisha kilichobaki: hapo ndipo walipo Fairphone na GrapheneOS.

Ukweli huu una umri. Openmoko, waliotengeneza simu huria za mwanzo, walitoa Neo FreeRunner mwaka 2008 kwa dola 399, wakatoa hadharani faili za usanifu wa kasha na michoro ya saketi. Wakati huo lilikuwa jambo la nadra. Lakini modemu yake, Calypso ya Texas Instruments, ilikuwa imefungwa, haikuwa na 3G, na ilikuwa na kasoro iliyokuja kujulikana kwa namba yake, 1024: ikiingia usingizini ilipoteza mtandao na kujisajili upya tena na tena, hadi ukaizuia isilale na betri ikaisha mapema. Tiba ilikuwa kufungua simu na kubadilisha kapasita kwa kifaa cha kulehemu. Chipu ya picha nayo ilipitisha data polepole mno kwa kioo cha nukta 480 kwa 640. Michoro ilikuwa wazi, kila mtu aliiona kasoro, ila pesa za kutengeneza bodi mpya hazikuwepo. Mwaka 2009 kampuni ikaacha kutengeneza simu. Mwaka 2013 Canonical, kampuni ya Ubuntu, waliomba dola milioni 32 kutoka kwa wanunuzi ili watengeneze Ubuntu Edge. Zikaahidiwa karibu milioni 12.8, kila mtu akarudishiwa zake. Hao wa pili waliwaheshimu wanunuzi kwa kujua mapema kwamba fedha hazitoshi.

Kwa nini modemu haifunguki, na kwa nini chipu ni ya zamani

Modemu ni kompyuta kamili yenye mfumo wake, inayozungumza na minara kwa kanuni zilizojaa hataza. Imepimwa na kuidhinishwa ikiwa na programu dhibiti maalumu, yaani programu inayokaa ndani ya chipu yenyewe. Ukibadilisha programu hiyo, kibali kinakuwa mashakani. Watengenezaji wake ni wachache na hawana sababu ya kufungua. Ndiyo maana mtengenezaji wa simu huria hubaki na jambo moja la kuamua: modemu aiweke umbali gani na kumbukumbu kuu.

PinePhone na Librem 5 wameiweka nje, nyuma ya waya wa USB. Modemu haiwezi kusoma RAM ya simu. Inaona tu kinachopita kwenye waya. Ukikata swichi, inakosa umeme kabisa. Kwenye Fairphone 5 modemu imo ndani ya kichakataji kilekile, na kinachoitenganisha ni kitengo cha maunzi kinachopanga kila sehemu iguse kumbukumbu ipi. Ukuta huo ni wa kweli, usidharauliwe, lakini aliyeujenga ni Qualcomm na ni yeye anayeukarabati. Waya wa USB unauona kwa macho, ingawa nao una lake: kerneli yako lazima ijilinde na kifaa cha USB ambacho hukiamini.

Kuhusu chipu za zamani, sababu ni kwamba uwazi huja na umri. Allwinner A64 ilitoka mwaka 2015. Kiendeshi huria (programu inayoiwezesha kerneli kutumia kifaa) cha kitengo chake cha picha, Mali-400, kinachoitwa Lima, kiliingia kwenye Linux toleo la 5.2 mwaka 2019, baada ya watu kukichunguza kwa miaka bila nyaraka za mtengenezaji. Mwaka uliofuata ndipo PinePhone ilipowafikia wanunuzi. Librem 5 inategemea Etnaviv, kiendeshi huria cha kitengo chake cha picha, kwa hali hiyohiyo. Chipu mpya ya leo ina nyaraka zilizofungiwa kwenye mikataba ya siri, na wauzaji wake hawapokei simu ya mtu anayetaka vipande elfu tano.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana. Chipu za simu huishi sokoni miaka michache, kisha muuzaji huacha kuzitolea masasisho. Chipu za viwandani huahidiwa kwa muda mrefu zaidi. Purism, watengenezaji wa Librem 5, walichukua i.MX 8M, chipu ya vifaa vya viwandani, na Fairphone wakachukua QCM6490, toleo la viwandani la Qualcomm, badala ya Snapdragon ya kawaida. Wawili hawa wana falsafa tofauti kabisa, lakini hapa walikubaliana: wote walikimbia kifo cha mapema cha chipu.

PinePhone: bei ya chini, kazi ni yako

Pine64, watengenezaji wa PinePhone, hawajawahi kuficha mpango wao. Wanauza bodi yenye faida ndogo, waranti ni ya siku 30, na programu inaandikwa na miradi ya nje. Katika matoleo ya kwanza ya mwaka 2020, kila simu iliyouzwa kwa jina la mradi fulani, kama UBports au postmarketOS, iliuletea mradi huo dola 10. Ni nia njema, lakini rudia hesabu ya juu: simu elfu moja zinatoa dola 10,000, pungufu ya mshahara wa mwaka wa mhandisi mmoja wa kerneli. Ndiyo maana baadhi ya vitu kwenye simu hii havijaisha hadi leo.

Ukiipokea, fungua mfuniko wa nyuma kwa ukucha. Toa betri kwanza, kwani kati yake na pini kuna karatasi ya plastiki iliyowekwa kwa ajili ya usafirishaji. Wengi hudhani simu imekufa kumbe hiyo karatasi haijatolewa. Ukishaitoa angalia swichi sita ndogo zilizopangwa mstari mmoja. Kuanzia juu: modemu, Wi-Fi na Bluetooth, maikrofoni, kamera ya nyuma, kamera ya mbele, na tundu la spika za masikio. Hiyo ya sita ukiizima, tundu linageuka kuwa njia ya maandishi ya mfumo kwa kasi ya 115200, na hapo unaweza kusoma kila kinachotokea simu inapoamka. Swichi ni ndogo mno kwa kidole. Tumia kijiti cha meno, usitumie bisibisi ya chuma.

Kujaribu mifumo ni rahisi kuliko kwenye simu yoyote nyingine hapa. A64 hutazama kadi ya microSD kwanza, kabla ya hifadhi ya ndani. Andika mfumo kwenye kadi, ichomeke, washa. Ukichoka, itoe na simu inarudi ilivyokuwa. Kwa hiyo huwezi kuiua simu kwa kukosea kuandika mfumo. Ukiamua kusakinisha ndani, washa na kadi yenye Jumpdrive, mfumo mdogo wa kazi hiyo, unganisha kebo ya USB-C kwenye kompyuta, na hifadhi ya ndani itaonekana kama diski. Hakikisha jina la diski mara mbili kabla ya kuandika, maana amri ya kuandika, `dd`, haiulizi.

Matatizo yenyewe sasa. Modemu ni Quectel EG25-G. Inachukua nusu dakika au pungufu kuamka, na simu ikitoka usingizini mara nyingine haionekani tena kwenye USB hadi huduma ya `eg25-manager` iwashwe upya. Ukipigiwa kifaa kikiwa kimelala, modemu huiamsha simu kwa waya wake maalumu, kisha kerneli iamke, kisha programu ya simu, ndipo mlio utoke. Sekunde kadhaa zinakwisha, na anayepiga anaweza kukata. Kulala kwenyewe kunawezeshwa na Crust, programu dhibiti huria inayokaa kwenye kichakataji kidogo ndani ya A64. Bila hiyo betri haimalizi siku hata simu ikiwa mfukoni tu. Kioo kikiwaka mfululizo, hesabu saa chache.

Sauti juu ya 4G ni jambo la kuangalia kabla ya kulipa, hasa pale 3G ilipozimwa. EG25-G huhitaji wasifu sahihi wa mtandao. Kupitia mlango wa `/dev/ttyUSB2` tuma `AT+QMBNCFG="List"` uone wasifu uliopo; kama wa mtandao wako haumo, `ROW_Generic_3GPP` ndio wa kujaribu kwanza. Kisha `AT+QCFG="ims",1`, na uwashe modemu upya. Mtandao usiokubali kifaa usichokijua hautakubali hata hivyo. Hapo utabaki na data na ujumbe, bila simu za sauti.

Modemu hii pia inaonyesha vizuri ufunguaji unapofikia kikomo. Ndani yake kuna sehemu inayoendesha Linux yake yenyewe, na wanaojitolea wamefanikiwa kuibadilisha hiyo kwa programu huria, ikatulia zaidi na kutumia umeme kidogo kuliko ya kiwandani. Sehemu ya redio, iliyo pembeni yake kwenye chipu hiyohiyo, imebaki imefungwa na imetiwa sahihi ya mtengenezaji.

Onyo kuhusu bodi: toleo la 1.2 na ya kabla yake lina kosa la saketi kwenye USB-C, na haliunganishi kioo cha nje kwa uhakika. Ukinunua ya mtumba uliza toleo la bodi, 1.2a na 1.2b zimesahihishwa. PinePhone Pro, yenye RK3399S na iliyoanza kwa dola 399, ina nguvu zaidi lakini Pine64 walitangaza mwaka 2025 kwamba wameacha kuitengeneza, ilhali ile ya bei ndogo ikaendelea. Soko la wanaojitolea halikubeba simu mbili.

Librem 5: mnunuzi analipa yote

Changizo la Purism la mwaka 2017 lililenga dola milioni 1.5 na likapita milioni 2. Simu iliahidiwa Januari 2019; uzalishaji wa wingi, toleo la Evergreen, ulianza kusafirishwa Novemba 2020. Bei ya dola 599 baadaye ilipanda hadi kuvuka 1,000. Waliolipa mapema walikuwa wakopeshaji wasiojijua, na huo ndio ubaya mkubwa wa njia hii: hatari yote iko kwa mnunuzi.

Lakini tazama pesa zilikwenda wapi. Phosh, mazingira ya kioo ambayo watumiaji wengi wa PinePhone wanayagusa kila siku, yaliandikwa na wahandisi waliolipwa na Purism. Maktaba ya libhandy, iliyofanya programu za GNOME, mazingira ya Linux ya kompyuta, zijikunje kutosha kwenye kioo kidogo, ilitoka hapo pia, na libadwaita ikairithi. Viendeshi vya i.MX 8M vilipelekwa kwenye Linux kuu. Mwenye simu ya dola 199 anakula matunda ya aliyelipa 1,200. Tunaona hilo ni jema, na mnunuzi wa Librem 5 anastahili kujua kwamba kiasi kikubwa cha fedha yake ni mchango.

Kama simu, ni nene: milimita 15.5, uzito karibu gramu 260. Ubavuni zipo swichi tatu za kuonekana, ya modemu, ya Wi-Fi na Bluetooth, na ya kamera pamoja na maikrofoni. Zote tatu zikizimwa, GPS na vitambuzi vingine navyo vinakatika. Ni bora mara kumi kuliko swichi zilizojificha chini ya mfuniko wa nyuma, kwa sababu swichi unayoifikia ndiyo unayoitumia. Kadi ya modemu inabadilishwa, kwa hiyo chagua inayolingana na masafa ya mtandao wako unapoagiza. Udhaifu wake ni joto na betri: chipu haikubuniwa kwa mfuko wa suruali, na usingizi wa kweli ulichelewa sana kufika.

Kuna jambo moja ndani yake linalostahili kuangaliwa kwa karibu. RAM ya LPDDR4 lazima ipimwe muda wake kila simu inapowashwa, na upimaji huo hufanywa na faili ndogo ya programu dhibiti iliyofungwa. Purism walitaka cheti cha Free Software Foundation, shirika linalotetea programu huria, kisichoruhusu kichakataji kikuu kushughulika na faili ya namna hiyo. Suluhisho lao: faili ikawekwa kwenye chipu ya hifadhi ya peke yake, ikakabidhiwa kichakataji cha pembeni. Faili ni ileile, imefungwa vilevile. Kilichobadilika ni anwani yake. Hapa hatukubaliani na kanuni yenyewe: programu dhibiti iliyofungwa na isiyosasishwa ni mbaya kuliko iliyofungwa inayosasishwa, kwani kasoro ya usalama ikigundulika kwenye ya kwanza hubaki nayo maisha.

Fairphone 5: kufungua kwa bisibisi

Fairphone walijifunza kwa machungu. Simu yao ya kwanza, ya mwaka 2013, ilikuwa na chipu ya MediaTek. Msimbo wa chipu haukupatikana, masasisho yakakwama, na mwaka 2017 wakaisimamisha. Fairphone 2, yenye Snapdragon 801, ilipoachwa na Qualcomm kwenye Android 6, wahandisi wao waliisukuma wenyewe hadi Android 10 na kuihudumia hadi Machi 2023. Kazi hiyo ilikuwa ya gharama, na kutokana nayo ndipo uamuzi wa QCM6490 ulipotoka: Fairphone 5 ya mwaka 2023 imeahidiwa masasisho hadi 2031, na waranti ya miaka mitano.

Uwazi wake uko kwenye skrubu. Kwa bisibisi moja ya Phillips namba 00 unabadilisha kioo, tundu la USB-C, spika na kamera, na betri haihitaji hata hiyo. Programu ni suala jingine: viendeshi vingi ni vya Qualcomm na vimefungwa, ila msimbo wa kerneli unatolewa na kufuli ya programu ya kuwashia inafunguliwa kihalali. Unaingiza IMEI na namba ya mfululizo ya kifaa kwenye tovuti yao, unapewa msimbo wa kufungulia. Kufungua kunafuta kila kitu. Kwa asiyetaka kuhangaika, Murena wameiuza ikiwa tayari na /e/OS, Android iliyoondolewa programu za Google.

Mtego uko kwenye kufunga tena. Kabla ya amri ya kufunga, andika `fastboot flashing get_unlock_ability`. Ikijibu 1, endelea. Ikijibu 0, USIFUNGE: ukifunga na mfumo ukakataa kuamka, hutaweza kufungua tena na simu italazimika kurudi kwa mtengenezaji. Pia usifunge juu ya mfumo wenye tarehe ya usalama iliyo ya zamani kuliko uliokuwepo, maana simu hukataa kurudi nyuma. Ni makosa ya dakika moja na ndiyo yanayoua Fairphone nyingi za wanaojaribu mifumo mbadala.

Pixel 8 yenye GrapheneOS: salama zaidi, huru kwa ruhusa

Inashangaza kwamba simu ya kampuni kubwa kuliko zote hapa inakuacha uweke ufunguo wako mwenyewe na kufunga tena ukiwa na mfumo mwingine, huku simu ikiendelea kukagua kila inapoamka kwamba mfumo haujachezewa. Ongeza chipu ya usalama ya Titan M2, ulinzi wa kumbukumbu wa kimaunzi ambao GrapheneOS huutumia, na masasisho ya miaka saba tangu Oktoba 2023. Kwa mwandishi wa habari au yeyote anayeogopa simu yake kushikwa na kufunguliwa kwa nguvu, hakuna inayokaribia kati ya hizi nne. PinePhone na Librem 5 hazina ukaguzi wa namna hii.

Usakinishaji huchukua chini ya saa moja. Sasisha mfumo wa kiwandani kwanza, gusa namba ya toleo mara saba ili chaguo za wasanidi zitokee, ruhusu ufunguaji wa kufuli, kisha fuata kisakinishi cha kivinjari na ufunge tena mwishoni. Ikikwama, tatizo mara nyingi ni kebo au kitovu cha USB. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Chaguo la ufunguaji likiwa limefifia hata baada ya simu kuunganishwa intaneti, basi simu hiyo ilifungwa na kampuni ya mtandao iliyoiuza. Irudishe.

Doa lake ni kubwa. Machi 2025 Google walitangaza kwamba kazi yote ya kuandika Android itafanyika ndani kwa ndani, msimbo ukitolewa toleo linapokamilika. Juni mwaka huo Android 16 ikatoka bila faili za usanidi wa Pixel ambazo miradi kama hii ilizoea kuzichukua. GrapheneOS walifaulu kuhamia Android 16 hata hivyo, kwa kazi nyingi zaidi. Ruhusa uliyopewa na mwenye nyumba anaweza kuipunguza bila kuvunja sheria yoyote.

Benki, na ile ya mtumba

Aplikesheni za benki hazitafanya kazi kwenye Linux ya PinePhone na Librem 5, labda kupitia Waydroid, inayoendesha Android ndani ya Linux, na hata hapo nyingi hukataa. Kwenye GrapheneOS na /e/OS nyingi hufanya kazi, lakini zile zinazodai uthibitisho wa Google kwamba simu haijabadilishwa hugoma. Jaribu yako kabla hujauza simu ya zamani.

Ikiwa unachotaka ni kujifunza Linux ya simu bila kungoja sekunde kumi programu ifunguke, tafuta OnePlus 6 ya mwaka 2018. Snapdragon 845 yake imeingizwa vizuri kwenye Linux kuu, postmarketOS inakaa juu yake, kitengo cha picha kinaendeshwa na kiendeshi huria cha Freedreno, na kasi yake inaiacha PinePhone mbali. Programu dhibiti za modemu na Wi-Fi zimefungwa, kamera ndiyo iliyobaki nyuma, na betri imegundishwa. Bili ya maunzi aliilipa mtu mwingine zamani.

Ushauri wetu, basi. Simu moja tu ya kutegemea kila siku: Fairphone 5 kama unataka kuitengeneza mwenyewe, Pixel kama usalama ndio wasiwasi wako. PinePhone inunue kama chombo cha kazi ya pili, na uwe na muda. Librem 5 ni ya anayetaka swichi za kweli na yuko radhi kwamba sehemu ya bei ni mchango kwa kila mtu mwingine. Inunue ikiwa ipo ghala tayari kutumwa, usilipie ahadi. Tangu 20 Juni 2025 sheria ya Umoja wa Ulaya inawataka wauzaji wa simu mpya kutoa masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano na vipuri kwa saba baada ya mauzo kukoma. Haisemi lolote kuhusu kufungua kufuli, kwa hiyo hilo liangalie mwenyewe kwa kila modeli.

Kwa PinePhone agiza betri ya pili siku hiyohiyo; umbo lake ni la Samsung Galaxy J7 ya mwaka 2015, kwa hiyo hata usipoipata kwa Pine64 utaipata kwingine.